Shilingi ya Serikali na Ulinzi wa Watoto: Historia Fupi



Halmashauri imeona vema kwamba taarifa ya mwaka huu isiwe hesabu za ada na michango peke yake, bali iwe na makala ya historia pia. Sababu ni hoja itakayoletwa mbele ya mkutano mkuu, ya kwamba chama kitoe sehemu ya akiba yake kwa ajili ya watoto wanaoteswa na watoto wasiotunzwa. Wako wanachama wanaotaka tujenge nyumba ya watoto, yenye mabweni na ua, na jina la chama likiandikwa langoni. Wako wengine wanaotaka fedha hizo ziende katika nyumba ambazo tayari zinalea watoto wasio wao, na kwa watu wachache wanaozunguka mitaani kuuliza habari za mtoto aliyeacha kuonekana. Na pande zote mbili huuliza: Je, Serikali nayo yafanya nini? Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu kwa miaka na tarakimu. Shilingi ya Serikali imemtafuta mtoto wa Kenya kwa njia nyingi, lakini kwa muda mrefu ilimpata akiwa amekwisha kuumia.

Habari za kabla ya Serikali hatutazirefusha, maana wazee wetu wanazijua kuliko sisi tunaoziandika. Mtoto alikuwa wa ukoo. Akifiwa na baba, alikuwako baba mdogo. Akifiwa na mama, alikuwako mama mkubwa au nyanya. Na mtu aliyempiga mwanawe kupita kiasi aliitwa mbele ya wazee wenzake akaulizwa. Hapakuandikwa bajeti yoyote. Wala tusiipambe sana zamani hiyo: katika miaka ya njaa wako watoto waliowekwa rehani kwa chakula, na mwenye ukoo dhaifu alikuwa na ulinzi dhaifu. Lakini mlezi na mlinzi walikuwa watu wale wale, nao waliishi karibu na mtoto.

Fedha za kwanza za Serikali zilizotolewa kwa ajili ya mtoto wa Kiafrika zilipita katika mlango wa mahakama. Mapema katika karne ya 20 Serikali ya kikoloni ilijenga huko Kabete nyumba ya kuwafungia wavulana waliovunja sheria, na mwaka 1934 ikatunga Sheria ya Watoto, ambayo kwayo hakimu aliweza kumpeleka mtoto katika shule ya kurekebisha tabia badala ya jela ya watu wazima. Hatua hiyo ilikuwa afadhali kuliko jela, ingawa kiboko hakikuachwa. Lakini angalieni jinsi mtoto alivyofika huko. Mvulana aliyetoroka rizavu kwa njaa au kwa ukali wa baba wa kambo, akafika Nairobi kubeba mizigo ya watu sokoni, alikamatwa kwa uzururaji. Alipokamatwa ndipo Serikali ilipomjua. Ikamlipia chakula cha mahabusu, ikamlipia nauli ya kumrudisha kwao, ikamlipa na askari wa kumsindikiza. Akifika kwao aliikuta hali aliyoikimbia pale pale, maana kwa hali hiyo halikuwapo fungu la fedha. Wengi walirudi mjini wakakamatwa tena, na gharama zikaanza upya.

Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, iliizidisha shida hiyo kuliko inavyoweza kuelezwa hapa. Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizungukwa na askari, na maelfu ya wanaume wakachukuliwa kwenda kambini. Kuanzia katikati ya mwaka huo watu zaidi ya milioni 1 wa nchi za Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Baba yuko kizuizini. Mama anatolewa alfajiri kwenda kazi ya lazima, kuchimba mitaro na matuta, harudi mpaka jua limeinama. Na mtoto mchanga je? Alibaki na dada yake wa miaka sita au saba, au hakubaki na mtu. Ndipo katika vijiji hivyo ikaonekana desturi ya kuwakusanya watoto wadogo mahali pamoja, mbele ya mama mmoja au wawili wazee, wapewe uji na kuangaliwa hata jioni. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, na watu wa Msalaba Mwekundu walikuwa na sehemu yao katika kazi za chakula na afya vijijini. Twaitaja habari hii kwa uangalifu. Serikali iliyosaidia kumpa mtoto uji ndiyo iliyomtoa mama yake nyumbani, na hatuna haja ya kuishukuru kwa la kwanza tukisahau la pili. Lakini akina mama wale wazee walivumbua kitu. Waliona kwamba mtoto anayeonekana kila asubuhi na mtu mzima asiyekuwa wa nyumba yake ni vigumu kumficha akiwa na jeraha au njaa.

Kwa wavulana waliokamatwa, Serikali ilifungua kambi ya Wamumu, huko Mwea, katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1955 likaanzishwa Shirika la Ustawi wa Watoto la Kenya, ambalo baadaye, mwaka 2010, lilifanywa shirika la Serikali. Na Novemba 1959 Bwana Geoffrey Griffin, aliyekuwa amefanya kazi Wamumu, akishirikiana na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu, alifungua kituo cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati, kuwapokea wavulana waliokuwa wakilala barabarani. Wengi waliotoka Starehe wamelitumikia taifa kwa heshima, na kwa hiyo jina lake hutajwa kila wanachama wanapoizungumza nyumba ya watoto. Inafaa ikumbukwe tu kwamba Starehe ilianza kwa misaada ya watu, wala si kwa fungu la Hazina.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, sheria iliyomhusu mtoto ikawa ile ya Watoto na Vijana, Sura ya 141, nayo ilitumika hata mwaka 2002. Ilikuwa na maneno mema juu ya mtoto anayehitaji ulinzi. Kasoro yake ilikuwa katika nyumba zake. Mtoto aliyekosa na mtoto aliyekosewa walipelekwa katika mahabusu moja, na mara nyingi katika shule moja ya kurekebisha tabia. Msichana aliyetoroka nyumba alimokuwa akiteswa alilala chumba kimoja na aliyeiba, na katika vitabu vya Serikali wote wawili walikuwa gharama moja: vitanda, sare, maharagwe na mishahara ya walinzi. Jirani aliyeijua habari ya msichana yule tangu mwanzo hakuwa na mahali pa kuipeleka ila kituo cha polisi, na wengi waliogopa kituo cha polisi kuliko walivyomhurumia mtoto. Hata leo woga huo haujaisha.

Wakati huo huo wananchi walikuwa wakijenga kwa Harambee. Shule za watoto wadogo zilitokea kila mahali, nyingine chini ya mti, nyingine katika kanisa siku zisizo za ibada. Wazazi walileta kuni, unga, na senti za mwalimu. Serikali ilichangia mafunzo na ukaguzi, basi. Hakuna aliyeziita shule hizo kinga ya mateso, lakini ndizo zilizoendeleza kazi ya akina mama wa vijiji vile vya Hali ya Hatari.

Kwa sababu hiyo hiyo twayataja maziwa. Mwaka 1979, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, Serikali ya Rais Moi ilianza kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya bure, yaliyotiwa katika pakiti za pembe tatu ambazo kila aliyesoma miaka hiyo anazikumbuka. Wako waliosema ni siasa, na bila shaka siasa ilikuwamo. Lakini kwa mara moja shilingi ilitoka Hazina ikafika tumboni mwa mtoto pasipo kupita kwa polisi wala hakimu wala mlinzi wa mahabusu, na mtoto hakulazimika kuwa na alama za fimbo ndipo aipate. Maziwa hayo yalipungua, na katika miaka ya 1990 yakakoma. Kisha ikaja desturi ya kuchangia gharama shuleni na hospitalini, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na mzigo ukarudi kwa mzazi wakati ambapo mzazi mwenyewe alikuwa akipoteza kazi.

Katika maneno, mambo yalikuwa yakiendelea vema. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, na Kenya ikauridhia tarehe 30 Julai 1990, mapema kuliko mataifa mengi. Katika maisha, lilikuwa likija jambo ambalo hakuna mkataba uliolitazamia. Tarehe 25 Novemba 1999 Rais alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, watoto zaidi ya milioni 1 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kwa ajili ya ugonjwa huo. Wanachama wetu hawahitaji kuelezwa sura yake. Kila kijiji kilikuwa na nyanya aliyezika watoto wake mwenyewe, akaanza tena kulea akiwa na miaka sabini.

Hapo ukoo ulizidiwa. Mtoto aliyelala na njaa katika nyumba ya shangazi, aliyeachishwa shule ili achunge, aliyetumwa mjini kuwa mtumishi akiwa na miaka kumi, huyo kwa sheria ni mtoto asiyetunzwa. Je, shangazi ni mwovu? Wako waovu, na wako walionyang'anya mayatima mashamba ya baba zao. Hao walistahili kufikishwa mahakamani. Lakini wengi walikuwa watu wema waliogawa sufuria moja kwa vinywa tisa. Kumshitaki mtu wa namna hiyo ni kumwongezea mtoto msiba wa pili. Twaliona jambo hili kuwa kiini cha historia yote: katika nchi maskini, mateso na umaskini hukaa chumba kimoja, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya kukamata na kufungia peke yake haziwezi kuvitenganisha.

Sheria mpya ya Watoto ilipitishwa mwaka 2001, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2002. Ilimtenga mtoto anayehitaji matunzo na mtoto aliyevunja sheria, ikaunda Baraza la Taifa la Huduma za Watoto, na chini yake zikafanya kazi kamati za ushauri katika wilaya, ambamo ofisa wa watoto alikaa meza moja na watu wa dini, wa afya na wa elimu. Mwaka huo huo wa 2001 fimbo ilikatazwa shuleni. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ikaondolewa, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaingia madarasani kwa mkupuo. Hayo yote yalikuwa mema, lakini nyumba ya nyanya ilikuwa bado haijaguswa.

Iliguswa Desemba 2004, kwa jambo dogo mno hata magazeti hayakulishughulikia sana. Serikali, kwa msaada wa UNICEF, ilichagua nyumba 500 katika Garissa, Kwale na Nairobi, nyumba maskini zilizokuwa zikilea mayatima, ikaanza kuzipa kila mwezi shilingi 500 taslimu. Si blanketi, si mahindi, si karo iliyolipwa shuleni moja kwa moja. Taslimu, mkononi mwa mlezi. Wengi walicheka. Walisema pesa hizo zitanywewa pombe, na kwamba mtu maskini hajui kupanga.

Namna ya kuchagua ndiyo inayotupendeza zaidi, nasi twaomba wazee waitazame. Watu wa lokesheni walikuwa na kamati yao wenyewe. Kamati ilipita nyumba kwa nyumba ikaandika ni nani analea mtoto wa nani na kwa hali gani. Majina yalipimwa na maofisa, kisha yakarudishwa barazani yakasomwa mbele ya watu wote, ili anayejua kwamba fulani ana duka na ng'ombe aseme, na anayejua kwamba mjane fulani amesahauliwa aseme pia. Makosa hayakukosekana, na upendeleo haukukosekana. Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa fedha za Hazina kuuliza kijiji: Ninyi mwamjua mtoto gani?

Mpango ulipopanuliwa, kiasi kilipandishwa hata shilingi 1,500 kwa mwezi, na katika mwaka wa fedha wa 2011/2012 hata shilingi 2,000, zikilipwa kwa pamoja kila miezi miwili. Wafadhili wa ng'ambo na Benki ya Dunia walisaidia sana katika miaka ya kwanza, kisha sehemu ya Serikali yenyewe ikakua mwaka hata mwaka. Katikati ya miaka ya 2010 nyumba zilizokuwa zikipokea zilikuwa zimepita 250,000. Kutoka 500 hadi 250,000 katika miaka kama kumi: si mipango mingi ya nchi hii iliyokua hivyo bila kuvunjika.

Je, zililewewa? Wataalamu walilinganisha nyumba zilizopokea na nyumba za hali hiyo hiyo ambazo zilikuwa bado hazijafikiwa. Waliona chakula kimeongezeka na ni bora, watoto wengi zaidi wameendelea na shule ya sekondari, na kazi ya watoto mashambani imepungua. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha pia kwamba vijana wa nyumba zilizopokea hawakuanza mapema mambo ya kulala na wanaume au wanawake kama wenzao. Jambo hilo la mwisho hatutalieleza kwa urefu katika kijitabu kinachosomwa na watoto wetu. Inatosha kusema kwamba msichana mwenye daftari na sabuni hana haja ya kumwendea mtu mzima anayejitolea kumnunulia.

Kasoro zilikuwako, nazo ni za kusemwa. Malipo yalichelewa, pengine miezi kadhaa, na nyanya aliyekopa dukani kwa kutegemea siku ya malipo alijikuta na deni na aibu. Katika wilaya kubwa za kaskazini safari ya kwenda kupokea ilikula sehemu ya kilichopokelewa. Alama za vidole zilizochakaa kwa jembe zilikataa kusomwa na mashine. Na kubwa kuliko hayo, miaka kumi baada ya kuwekwa, shilingi 2,000 zilikuwa bado ni 2,000, na kila mwenye jiko anajua unga ulikuwa umefika wapi.

Juu ya ukubwa wa mateso yenyewe, nchi ilijitazama katika kioo mara mbili. Mwaka 2010 waliulizwa vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata kabla ya kufikia miaka 18. Katika kila wanawake 100, 32 walisema walidhulumiwa kwa mambo ya ngono, na katika kila wanaume 100, 18. Waliopigwa au kuumizwa mwilini walikuwa wanawake 66 na wanaume 73 katika kila 100. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2019, waliodhulumiwa kwa ngono walikuwa kama 16 kwa wanawake na 6 kwa wanaume. Na waliopigwa, 39 na 52. Tusikimbilie kusema kwamba fedha za mayatima ndizo zilizofanya hivyo. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na sheria kali zaidi, na shule zaidi, na simu ya bure ya 116 ambayo tangu mwaka 2006 mtoto au jirani anaweza kuipiga, na Katiba ya mwaka 2010 iliyoandika katika kifungu cha 53 haki ya mtoto ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa. Lakini waliosema kwamba tabia za watu wetu hazibadiliki wamejibiwa.

Baadhi ya wanachama wameuliza kama iko nchi iliyoweka mfuko wa kinga peke yake, usioingiliwa na gharama za mahakama na makao. Iko, na habari yake ni ya kufurahisha kidogo. Huko Marekani, daktari wa watoto aliyeitwa Ray Helfer alitoa shauri kwamba kila jimbo liwe na hazina ndogo ya namna hiyo. Jimbo la Kansas lilikuwa la kwanza, mwaka 1980, nalo lilipata fedha zake kwa kuongeza ada kidogo juu ya cheti cha ndoa: anayeoa amchangie mtoto wa jirani kabla hajapata wake. Fedha hizo zilipewa vikundi vya mitaani vinavyowafundisha na kuwatembelea wazazi wachanga. Majimbo mengine yakaiga, na mwaka 1984 Serikali Kuu yao ikakubali kuongeza senti 25 juu ya kila dola ambayo jimbo limetenga, mpaka kiwango kilichowekwa. Hata hivyo, katika nchi hiyo tajiri fedha za kuwatunza watoto waliokwisha kuondolewa kwao zilibaki kuwa nyingi kupita kiasi zikilinganishwa na za kuwazuilia yasiwapate. Sheria ya mwaka 2018 ndiyo iliyoruhusu sehemu ya mfuko ule mkubwa itumiwe mapema, kabla mtoto hajaondolewa.

Kwetu hapa, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imechukua mahali pa ile ya 2001, nayo imeweka Mfuko wa Ustawi wa Watoto, ulioandikwa katika sheria yenyewe. Mwaka huo huo ulitangazwa mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka katika makao kwenda kwa jamaa zao au katika nyumba za walezi. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2017, Serikali ilikuwa imesimamisha uandikishaji wa makao mapya ya hisani. Wanaoleta hoja ya mabweni hawana budi kulijua hilo. Serikali ilifika hapo baada ya kuona kwamba watoto wengi walio katika makao wana jamaa walio hai, waliowapeleka kwa sababu hapo kulikuwa na chakula na karo. Kwa maneno mengine, nyumba iliyojengwa kwa wema ilimvuta mtoto kutoka kwa watu wake, kwa gharama ambayo ingaliweza kumlisha kwao.

Hatusemi kwamba makao hayana kazi. Mtoto anayetiwa hatarini na mtu wa nyumba yake mwenyewe ahitaji mahali pa kulala usiku huo huo, na mahali hapo lazima pawe na kitanda safi na mama mwenye akili. Lakini hiyo ni haja ya vitanda vichache na siku chache.

Ipo haja nyingine ambayo haijapata fungu la kutosha katika bajeti yoyote tuliyoitaja, ya kikoloni wala ya Uhuru. Idara ya Watoto ina maofisa wachache kwa eneo kubwa, kwa hiyo hutegemea watu wa kujitolea katika kila kata: mwalimu aliyestaafu, mama wa kanisa, imamu, mzee wa mtaa. Hawana mshahara. Hao ndio wanaojua kwamba mtoto wa nyumba ya tatu hakuja shuleni tangu Jumatatu, na ndio wanaojua kama dawa yake ni polisi, au ni kuongea na baba yake, au ni debe la mahindi. Habari ikimfikia mmoja wao saa mbili za usiku, nauli ya kwenda na muda wa simu ni vyake mwenyewe. Siku inayofuata huandika taarifa kwa mkono, akaipeleka kwa ofisa, nauli tena. Serikali za kaunti, ambazo Katiba imezikabidhi malezi ya watoto wadogo, zaweza kulichukua jambo hili, na halmashauri imeagizwa iandike barua kwa kaunti kuliuliza.

Hesabu za mapendekezo yote mawili, yaani ya nyumba ya watoto na ya walezi pamoja na watu wa kujitolea, zimetayarishwa na mweka hazina, nazo ziko katika ukurasa unaofuata.